Puto la Mkwe Wangu

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la kamera, vijana wa chumba namba tatu walinizawadia saa ya ukutani kubwa kama tairi la lori, wakaniomba niwaandikie machache ya kazi. Saa nimeitundika, ukuta bado umesimama. Na haya ndiyo machache yenyewe. Msitafute humu nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Hayo hayamfundishi mtu kuosha kamera.

Niliingia kliniki ile ya Kisauni kama mfagizi. Mchana nilipiga deki, jioni nilivuka mji mzima kurudi Chaani kwenye masomo ya watu wazima, tukikalia madawati ya watoto wa darasa la pili. Magoti yangu yalifika masikioni. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mdogo kwangu kwa miaka tisa na aliniita "we mzee wa nyuma". Cheti changu cha kidato cha nne kilifika nyumbani juma moja na ripoti ya darasa la kwanza ya binti yangu Zuhura, na mke wangu Mwanaisha aliviandalia vyote viwili sufuria moja ya pilau. Zuhura alikuwa na alama nzuri kunishinda.

Aliyenitoa kwenye mopu ni Sista Pendo, mkuu wa wauguzi, mwanamke mfupi aliyeweza kunyamazisha korido nzima kwa kukohoa. Siku moja alinikuta nimeegemea ndoo, mkononi nina kitabu cha maelekezo ya kamera ya tumbo.

"Yusufu, wasoma au watazama picha?"

"Nasoma, Sista."

"Haya soma hapo nisikie."

Nikasoma kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa mpaka wagonjwa wakageuka. Akanisikiliza ukurasa mzima, kisha akasema, "Kesho njoo bila mopu."

Kamera ya tumbo, kwa wasioijua, ni mpira mweusi mrefu wenye jicho na taa mbele, unaoingia kwa mdomo kwenda kutazama ya ndani. Siku ya kwanza kuishika niliiona ndefu kama treni ya Nairobi. Mwezi mzima Sista hakuniruhusu kumgusa mgonjwa. Nilikuwa dobi wa kamera. Kabla ya sabuni, unaipuliza hewa na kuizamisha kwenye beseni, unatafuta povu. Povu likitoka hata dogo kama chawa, kamera ina tundu na haimwingii mtu. Halafu brashi ndefu kwenye mifereji yake ya ndani, mmoja mmoja, halafu dawa, halafu maji, halafu kuikausha kama mtoto mchanga. Sista alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Fikiria anayefuata ni mama yako." Niliosha kamera hizo mara elfu hamsini, tuseme, na kila mara nilimfikiria mama yangu.

Nikasomea kozi ya usaidizi wa chumba cha kamera, nayo jioni vilevile, na nilipoimaliza ndipo maputo yakaja. Daktari Wekesa alirudi kutoka mafunzoni na habari kwamba mtu mnene anaweza kupunguzwa bila kisu. Puto laini linakunjwa kama mshumaa, linashushwa kwa koo mgonjwa akiwa kwenye usingizi mwepesi, na likifika tumboni linajazwa maji ya chumvi zaidi ya nusu lita. Mgonjwa akila vijiko vinne anajiona kama katoka karamuni. Baada ya miezi sita puto linatobolewa kwa sindano ndefu, linanyonywa maji, linavutwa nje kwa koleo. Ndiyo hayo tu, ukisimulia. Kwa mgonjwa mwenyewe, siku tatu za kwanza ni kutapika na kuapa kwamba atamshtaki daktari, na wiki ya pili ni kutuletea maembe ya shukrani.

Tulipata watu wa kila namna. Bwana mmoja aliyeendesha trela kutoka Changamwe alikuja kwa sababu usukani ulikuwa umemchora tumboni alama isiyofutika. Siku ya tatu, siku ya maji na juisi peke yake, alikula viazi karai nane, akarudi kwetu rangi ya majivu.

"Nilionja tu, mkubwa."

"Nane ni kuonja?"

"Nilikuwa na rafiki."

"Naye alikula vingapi?"

"Yeye alikuwa ananitazama."

Huyo alipona na akapungua hadi akaonekana ana shingo.

Sasa nisikilizeni kwenye jambo moja. Yale maji ya puto tunatia dawa ya rangi ya bluu. Sababu yake mnaijua. Puto likipasuka, maji yale yanaingia mwilini na mkojo unageuka kijani au bluu. Hiyo ndiyo kengele pekee tuliyo nayo. Haina maumivu, haina homa, ni rangi tu, kwa siku chache. Mgonjwa akija siku hiyohiyo, tunashusha kamera na kulitoa gome la puto, ile ngozi tupu, kabla halijateremka. Akikaa kimya, gome linashuka utumboni na linaweza kuziba njia.

Kwa hiyo fomu yetu ya maelezo ilikuwa na mambo saba, kila moja na kisanduku chake, na la saba lilikuwa hilo la mkojo. Sheria ya Sista Pendo ilikuwa ngumu: husomi tu. Unamwambia mgonjwa uso kwa uso, kisha yeye anakurudishia kwa maneno yake mwenyewe, ndipo unatia tiki. Yule bwana wa trela alinirudishia hivi: "Yaani nikikojoa rangi ya jezi ya timu yangu, nije mbio." Nikatia tiki.

Mkwe wangu, mama yake Mwanaisha, alikuwa mtu wa Mtongwe, Likoni, wa familia ya wakulima wa minazi na mihogo walioishi kule kabla kivuko hakijajua kuelea. Mimi baba yangu alitoka bara kufuata kazi za bandarini, nami nikasilimu nilipomwoa Mwanaisha. Watu wa bara wana haya za mkwe, watu wa pwani wana heshima ya mkwe. Mimi nilibeba mizigo yote miwili. Sikuwahi kula mbele yake. Akiingia nilisimama, akikaa nilitafuta kisingizio cha kwenda kuchota maji, hata kama mapipa yamejaa. Na jina lake sikulitamka hata siku moja, maana mkwe hatajwi jina.

Yeye alikuwa mnene, mwenye kisukari, na magoti yalikuwa yamekataa kazi. Na alikuwa na hamu moja tu duniani, kwenda Hija. Wanawe walikuwa wamekubaliana kumpeleka. Siku moja nimekwenda Mtongwe kumchukua Mwanaisha, mama akaniita barazani, leso ameivuta mpaka nusu ya uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Zuhura. Nasikia kazini kwenu mwapuliza watu matumbo."

"Si kupuliza, mama. Twaweka puto, mtu apungue."

"Basi niwekeeni mimi. Hija yataka miguu. Wameniambia kuna viti vya kusukuma wazee kuizunguka Kaaba. Mimi sitaki kusukumwa kama mkokoteni wa mitungi ya maji. Nataka niizunguke kwa miguu yangu mara saba, kisha Mungu akitaka kunichukua anichukue."

Mwanaisha akacheka ndani. "Mama, wewe na puto?"

"Nyamaza wewe. Nazungumza na daktari wangu."

Daktari wake. Nilirudi Chaani siku ile nikitembea kama niliyemeza mlingoti wa bendera.

Daktari Wekesa alimpima, akasema inafaa, mradi sukari iangaliwe. Siku yenyewe Mwanaisha alimleta, akamwacha mikononi mwangu, akaenda kununua dawa zilizoandikwa. Sista Pendo alikuwa na zamu ya wodi ya juu. Mimi ndiye niliyevuta maji ya bluu kwenye bomba la sindano, ndiye niliyeyasukuma, na puto lilijaa vizuri kuliko yote niliyowahi kuona, la mviringo, linang'aa kwenye skrini kama mwezi. Wallahi nilijisifu.

Alipoamka na kutulia nikavuta kiti, nikakaa upande, si mbele yake, nikaanza mambo saba. Vidonge vya kila asubuhi. Akarudia. Maji na juisi kwanza. Akarudia. Pilipili, hapana, kulala mara baada ya kula, hapana, kutapika kukizidi, kupiga simu, tarehe ya kulitoa. Yote akayarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya maalimu. Nikafika la saba.

Nimewaambia maelfu ya watu neno lile. Nimewaambia masheikh, mapadri, mwanasheria mmoja aliyeniuliza kama naweza kumwandikia. Siku ile ulimi uligeuka kipande cha ubao. Mkojo, mbele ya mama aliyemzaa mke wangu, mimi na yeye peke yetu kwenye chumba. Nikaitazama karatasi. Yeye akaitazama sakafu.

"Na la saba ni lipi, mwanangu?"

"La saba ni kumwomba Mungu, mama."

"Hilo sihitaji kuambiwa," akasema, akatabasamu ndani ya leso.

Nikatia tiki. Nilisema moyoni nitamwambia Mwanaisha njiani naye amwambie mamake. Daktari Wekesa akapita, akauliza, "Umemweleza yote?" Nikajibu, "Tayari, daktari." Njiani mama alianza kutapika, Mwanaisha akashughulika na beseni na ndimu. Kesho yake alitapika zaidi, sote tukawa na la kufanya. Wiki ya tatu akawa mzima kabisa, na mimi nikaona aibu kulifufua. Ningeanzaje? Na puto lenyewe, nikajiambia, lilikuwa zuri mno kupasuka. Ningeweza kumwita mfagizi yeyote wa kike atoe maneno yale kwa sekunde kumi. Walikuwa wawili koridoni. Nimewahesabu mara nyingi tangu siku ile.

Mama akapungua. Mwezi wa pili aliacha mkongojo. Mwezi wa tatu alianza mazoezi yake: kila asubuhi baada ya sala aliizunguka nyumba yake ya Mtongwe mara saba, tasbihi mkononi, akipita nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku, mbele ya baraza, tena na tena. Majirani walikuja kutazama. Jirani mmoja alimuuliza, "Leo umefika Makka au bado uko Likoni?" Akamjibu, "Niko njiani, wewe kaa na kuku." Mwanaisha alinisimulia hayo huku akifuta machozi ya kicheko, akaniambia, "Umempa mama yangu miguu." Mwezi wa tano pasipoti ikatoka na nafasi yake kwenye kundi la mahujaji ikathibitishwa.

Mwezi huohuo wa tano, Alhamisi, walituletea mama amejikunja. Alikuwa ametapika siku mbili, tumbo limekaza kama ngoma. Picha ilipopigwa, mwezi wangu, lile puto, haukuwepo tumboni. Daktari Wekesa alitazama, akanitazama mimi, akaomba gari la kumpeleka hospitali kubwa kupasuliwa. Wakati gari linaandaliwa alitaka kumuuliza mama maswali machache. Mimi nikatoka, kama adabu inavyotaka, nikasimama nyuma ya pazia. Pazia zile mnazijua, zinaishia juu ya vifundo vya miguu. Viatu vyangu vyeupe vilionekana wazi kutoka kitandani.

"Mama, mkojo wako uliwahi kugeuka rangi?"

Nilisikia leso ikivutwa.

"Mama, ni muhimu."

"Ulikuwa kijani," akasema polepole. "Kama maji ya mchicha."

"Tangu lini?"

"Jumatatu ya juma lililopita. Siku tatu, kisha ukarudi."

"Siku kumi, mama. Ukanyamaza?"

"Jirani alinipa dawa ya mizizi ya magoti, nikadhani ndiyo hiyo. Na mambo kama hayo, mwanangu, mtu amwambie nani?"

"Hukuambiwa hapa kwamba ukiona hivyo uje siku hiyohiyo?"

Nilikuwa nimeshika toroli. Nilisikia mama akivuta pumzi, akaguna kwa maumivu, kisha kitanda kikalia, kama mtu aliyegeuza kichwa kutazama upande wa pazia.

"Niliambiwa," akasema. "Niliambiwa vizuri sana. Ni uzee tu, nilisahau."

Walimpasua jioni ile. Utumbo ulikuwa umechanika na uchafu umeshasambaa, na sukari haikumwachia nafasi. Alifariki Jumamosi kabla ya adhuhuri, akazikwa Mtongwe alasiri hiyohiyo, hatua chache kutoka nyumba ile aliyokuwa akiizunguka. Kaka yake Mwanaisha alikwenda Hija kwa niaba yake mwaka ule. Aliporudi alitueleza jinsi alivyozunguka mara saba kwa nia ya mama. Tende aliyonipa niliitia mfukoni.

Kliniki iliunda kamati, watu watatu na chupa ya chai. Waliiweka fomu mezani, tiki saba, saini yangu, na kando yake maandishi ya Daktari Wekesa: mgonjwa amekiri alielezwa. Mwenyekiti akaniuliza swali moja tu.

"Ulimweleza, Yusufu?"

"Mwenyewe amekiri hivyo," nikasema.

Hilo ndilo jibu langu, na mimi niliyesoma madawatini mwa watoto nilijua vizuri kwamba halikuwa jibu. Waliliandika. Wakaandika pia kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo, wakanywa chai, wakanipa pole ya msiba.

Sista Pendo hakuwa kwenye kamati. Alinisubiri koridoni.

"Alikurudishia la saba?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa maneno gani?"

Bwana wa trela, niliyakumbuka maneno yake mpaka nukta. Ya mkwe wangu, hakuna. Nikavitazama viatu vyangu vyeupe. Sista akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeona povu kwenye beseni. Kuanzia siku ile hadi alipostaafu hakuniita tena Yusufu. Aliniita Bwana Yusufu. Hakunishtaki kwa mtu. Mara nyingi nilitamani angenishtaki.

Nikaendelea na kazi miaka minane mingine. Nilikuwa mkali wa la saba kuliko yeyote. Wengine wenu mliniita Mzee Kijani, na nilicheka nanyi. Niliwarudisha wagonjwa kutoka getini wanirudie maneno. Mlidhani ni bidii.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa kuwa yalikuwa mazuri. Mwanaisha alimlaumu mama yake. Alimpenda na kumlaumu pamoja, miaka yote minane. Dada zake wakikusanyika walisema mama alikuwa mkaidi, alipenda mizizi ya majirani kuliko maneno ya wasomi. Wajukuu wamekua wakijua hivyo: bibi aliambiwa, hakusikia. Na kwenye karamu yenu ya kuniaga, mbele ya saa ile, Mwanaisha alisimama akasema, "Mama yangu angemsikiliza mume wangu, leo angekuwa hapa Hajjati." Mlipiga makofi. Nami nilipiga.

Usiku ule niliamua kuandika, na kwa wiki mbili niliandika. Sikutaka ninyi mjue kabla yake, kwa hiyo Jumapili baada ya chai nilimwekea Mwanaisha karatasi mezani, nikaenda kukaa uani. Alisoma muda mrefu. Kisha akaniita, si kwa jina la Baba Zuhura.

"Yusufu. La saba lilikuwa hili?"

"Hili."

"Na ulimwambia amwombe Mungu."

"Ndiyo."

"Naye akasema aliambiwa. Wewe ukisikia."

"Nikisikia."

Akazipanga karatasi, akazigonga mezani zikalingana. Hakulia. Ningependa angelia.

"Miaka minane nimekaa kaburini pa mama namsema," akasema. "Nimemsema mbele ya wanangu. Na wewe umekaa nami sahani moja unanisikiliza."

Akachomoa karatasi moja, akaweka kidole juu ya mstari.

"Na hapa umeandika mgonjwa mmoja, mwanamke, wa Likoni. Mama yangu ndiye mgonjwa mmoja?"

"Ni heshima, Mwanaisha. Mkwe hatajwi."

"Heshima hiyo ndiyo iliyomzika. Andika upya. Uandike ni mkwe wako, na umtaje jina, wasome."

Alifunga nguo zake chache, akavuka kwenda Mtongwe kuwaambia dada zake. Leo ni siku ya kumi na moja. Zuhura amenipigia mara moja. Aliuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, akakata. Simlaumu.

Nimeandika upya kama nilivyoambiwa. Mtaona nimesema mkwe, mkwe, ukurasa baada ya ukurasa, maana kila nilipofika kwenye jina kalamu ilisimama, kama ulimi ulivyosimama siku ile. Vijana wangu, mtu akiwashinda kumwambia, mwiteni mwingine amwambie. Mfagizi yupo koridoni. Na msitie tiki.

Aliitwa Mwanasiti binti Hamisi, wa Mtongwe. Hakusahau. Sikumwambia.